Sauna Yetu na Safu ya Namba za Milango

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usiniambie nitulie, maana nimetulia vya kutosha.

Nina miaka hamsini na minane, naishi hapa mjini Tampere, nilianza kwa kufagia ngazi za watu na leo nina kampuni yangu ya usafi, zamu za wafanyakazi nazipanga mwenyewe kwenye jedwali la kompyuta nililojifunza bila mwalimu, kwa hiyo jengo letu lilipoitisha mkutano kuhusu sauna ya chini, chumba chetu cha kuogea mvuke, ambacho mwenyekiti wetu Taisto Hyvärinen anataka kivunjwe kiwe stoo ya baiskeli, nilijua kitakachotokea: watu watakunywa kahawa, watakula maandazi ya iliki, watatazama viatu vyao, naye ataandika kwamba hakuna aliyepinga. Bustani tuliipoteza hivyo hivyo. Nikatengeneza slaidi zenye vitufe, kila mlango kura moja, mtu anajibu kwa simu yake, jibu linaingia lenyewe kwenye jedwali langu na hesabu inatokea ukutani. Nikawaambia wabonyeze bila hofu, majina hayaandikwi.

Na majina hayakuandikwa. Lakini ili mtu asibonyeze mara mbili, slaidi ya kwanza iliuliza namba ya mlango, nayo ikakaa kwenye safu yake kando ya kila jibu, na katika jengo la milango thelathini na minne namba na jina ni kitu kimoja. Sikuliwaza hilo, mshauri, niliwaza hesabu tu.

Walipoambiwa wanyooshe mikono kuitetea sauna, walinyoosha wanne. Simu zikasema ibaki kumi na tisa, ivunjwe nane, wasiojua wawili. Hyvärinen, aliyekataa kugusa simu kwa kuwa huo ni mchezo wa watoto na kumwachia mkewe, akanitazama mbele ya wote: "Bibi wewe, hizo ni kura au umezipika jikoni kwako? Lete jedwali zima tulione, la sivyo Agosti tunavunja." Mkutano wa pili ni baada ya wiki mbili.

Nilirudi nimefura, nikalifungua ili nimpelekee, nikaona mlango namba tisa: ibaki. Namba tisa ni kwake mwenyewe. Nilicheka peke yangu, nikasema nimempata. Kesho yake nikakutana na mkewe, Sirkka, kwenye lifti, tunashuka sauna na ndoo zetu, akaniambia polepole, "Asante kwa zile slaidi, shoga. Miaka thelathini na sita, ndiyo mara ya kwanza nimesema neno mbele yake asinikatize."

Nikilionyesha jedwali nashinda, nikilificha mimi ni mwongo na sauna inakwenda. Nimeazimia isiende. Nifanyeje?

Mwenye Jedwali

JIBU

Mwenye Jedwali, hasira yako naielewa. Aliyetoka kwenye ufagio akafika ulipofika hapendi kuitwa mpishi wa namba. Lakini kabla ya Hyvärinen, tuanze na wewe. Uliwaahidi watu ishirini na tisa kitu ambacho jedwali lako halikukiahidi. Hukukusudia, sawa. Hata ndoo iliyotoboka haikukusudia kuvuja.

Jedwali hilo halionyeshwi. Usijidanganye kwamba utaificha safu ya milango, maana kilichofichwa kwa kidole hufunuliwa kwa kidole. Ukiifuta, bado ipo safu ya saa ya kila jibu, na aliyekuwa ukumbini anakumbuka nani alibonyeza wa mwisho. Wala usiniambie utaonyesha mstari mmoja tu. Huo mmoja ndio hasa ninaoukataza. Utampiga mume kwa ulimi wa mkewe, halafu wewe urudi kwako na wao warudi pamoja kwao.

Andikia bodi ya jengo leo, omba kura ya siri irudiwe na iwe jambo la kwanza mkutanoni. Kisha lifute jedwali, lifute kweli, ndipo ubishe mlango mmoja mmoja useme kwa mdomo wako: namba zenu ziliandikwa, nilikosea, nimezifuta. Watakaonuna na wanune. Sisi watu wa hapa hununa kimya, utavumilia.

Siku yenyewe weka orodha ya milango pale pa kuingilia. Kila mlango utiwe alama mara moja, na anayetiwa alama atoe kikaratasi chenye namba, bila kuchagua, kutoka kwenye ndoo ya sauna. Slaidi iulize namba hiyo tu. Jedwali litajua kila kikaratasi kimetumika mara moja, halitajua ni cha nani. Safu ya saa iondoe, kisha tandaza jedwali lote ukutani, anayetaka kuhesabu ahesabu. Na ndoo mpe Hyvärinen aishike mwenyewe. Aliyeshika ndoo hasemi kura zimepikwa.

Huenda safari hii akaitaka simu. Nani abonyeze kwa niaba ya namba tisa ni mambo ya namba tisa, na ulichokiona kwenye mstari ule kisikutoke hata kwenye mvuke. Wewe si mtu wa hesabu? Toa mmoja kwako, ongeza mmoja kwake: kumi na nane kwa tisa. Humhitaji Sirkka ili ushinde. Yeye ndiye anayekuhitaji unyamaze.