Pilipili ya Wifi Yako

S.L.P. 218
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu tele za kaka yako. U hali gani? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, hasa yule mkorofi wa mwisho aliyeng'olewa jino? Na goti lako lile linalokusumbua ukipanda ngazi za wodini, limepona au bado unalifunga bandeji na kujifanya hodari? Nyinyi wauguzi mnajua sana kuwagombeza wagonjwa wa watu, lakini miili yenu hamuijali.

Mimi ni mzima. Usianze kupekua mistari kutafuta niliposema uongo, ni mzima kweli, ila nimepungua kidogo. Mkanda wa suruali nimeutoboa matundu mawili mapya. Karakana ipo na kazi zinakuja. Sasa hivi tunavika upya makochi ya kliniki moja, viti kumi na sita vya kusubiria daktari, na ukiona jinsi wagonjwa walivyoyachuna yale makochi kwa kucha utajua walisubiri kiasi gani.

Barua zako mbili nimezipata na nimechelewa kuzijibu. Nisamehe. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nikikaa kuandika, nyumba inakuwa kimya mno, nasikia hata kalamu inavyokwaruza karatasi, basi nainuka nakwenda kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Tangu wifi yako aondoke ni miezi minane sasa, na sijawahi kuwa na sakafu safi namna hii.

Sasa nikueleze linalonikosesha raha. Unaikumbuka pilipili ya wifi yako? Swali gani hilo, kila mwaka alikuwa akikufungia chupa, nawe ukiisifu kuliko ulivyowahi kumsifu shemeji. Alipofariki zilibaki chupa mbili kwenye friji. Moja ililiwa na watu waliokuja kutufariji, nami sikuwa na akili ya kuwazuia. Ya pili niliikuta wiki mbili baadaye nyuma ya kopo la siagi, imejaa mpaka shingoni, ameibandika karatasi yenye tarehe, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande.

Nikaanza kuila kwa kujinyima. Kijiko cha chai kila Jumapili, juu ya yai au viazi. Wiki nyingine nafungua kifuniko, nanusa, nafunga. Lakini chupa haina huruma, inapungua tu. Januari chupa ilipofika nusu nilishikwa na hofu ambayo sikuipata hata siku ya maziko. Nikajiambia ni lazima nijifunze kuipika mwenyewe kabla hii haijaisha, ili niwe na cha kulinganishia. Ikiisha kabla sijaipata, basi imekwenda na mwenyewe.

Mahali alipoandika namna ya kuipika hakuna. Nimepekua droo zote za jikoni, nimepata vifungo, ufunguo wa mlango nisioujua na picha yako ndogo ya kitambulisho ukiwa umenuna.

Nilidhani itakuwa kazi rahisi. Kwani mimi si mtu wa pilipili? Miaka yote najipiga kifua pale karakanani kwamba hakuna fundi anayeweza kula ninachokula mimi. Nilikuwa naenda na kichupa changu cha pilipili ya wifi yako, wakati wa chakula nakimimina bila kupepesa jicho. Meja, yule mwenzangu mfupi anayeshona vitambaa, akionja tone tu anajipepea mdomo kwa kofia na kuomba maji. Kichwa changu kilivimba vizuri sana.

Basi Jumamosi ya kwanza nikanunua pilipili mbuzi kumi na mbili, maana ndizo nilizokumbuka wifi yako akizipanga mezani tulipooana. Nikazikatakata kwa mikono mitupu, nikazitia kwenye mafuta ya moto pamoja na kitunguu saumu. Mdogo wangu, acha tu! Moshi ulinipanda puani, nikapiga chafya mfululizo, nikajifuta jicho kwa vidole vile vile. Nikawa kipofu jikoni mwangu, napapasa ukuta kutafuta bomba. Jirani wa ghorofa ya juu akaja mbio kugonga, akidhani nyumba inaungua, naye akaanza kukohoa pale pale mlangoni. Tukakoholeana badala ya kusalimiana.

Ilipopoa nikaonja. Haki ya nani, masikio yaliziba. Maji hayakusaidia, maziwa hayakusaidia, nikakaa sakafuni mdomo wazi, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Na kwa ujinga wangu, katikati ya moto ule nikachota kijiko kizima cha ile ya wifi yako ili nilinganishe. Sikusikia ladha yoyote. Kijiko kizima kimepotea bure! Hilo liliniuma kuliko jicho.

Jumatatu yake nikaionja tena ile ya wifi yako, mdomo ukiwa umetulia, nikaona haiwashi. Ina utamu kwa mbali, ina uchachu mzuri, lakini ukali wake ni kama mtu anayekugusa bega ili ugeuke. Nikajipa jibu haraka haraka kwamba imezeeka, pilipili ikikaa sana kwenye friji inaishiwa nguvu. Nikamweleza hivyo hata binti yangu kwenye simu, kwa sauti ya mtaalamu.

Aliyenitoa ujinga ni mama anayetuuzia mboga pale kwenye kona. Jumamosi ya pili nilipomwomba kumi na mbili nyingine, akashika kiuno akaniuliza nalisha kikosi gani. Nikamwambia nataka kupika ile pilipili ya marehemu. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Baba, mwenzio alikuwa anachukua moja," akaniambia. "Moja tu, na ananiambia nimchagulie isiyo na hasira. Zilizobaki zote ni hoho nyekundu na karoti."

Nikaushusha mfuko chini. Ikabidi anisimulie yote. Ilianza mwaka ule nilipolazwa kwa vidonda vya tumbo, ukaja kuniuguza wiki mbili. Daktari alinikataza pilipili kabisa, nami nikaapa kwamba bora nife nikila chakula chenye ladha. Wifi yako hakubishana nami hata neno moja. Alitoka pale akaenda kupunguza. Kumi na mbili zikawa kumi na moja, zikawa kumi, kila akiondoa moja anaongeza hoho ili rangi isibadilike, mpaka ikabaki hiyo moja. Miaka kumi na moja amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi huku nasifu ukali wa pilipili yake kila mahali!

Jumatatu nikambana Meja. Akainamisha kichwa, akaendelea kupigilia msumari uliokwisha kuzama. Mwishowe akakiri. Wifi yako alipita karakanani siku moja nikiwa nimetoka kununua sponji, akawaomba, "Akiwaonjesha, jipepeeni kidogo." Karakana nzima ilikuwa inajua. Wanaume wanne wazima, wenye wake na watoto, walikuwa wanajitoa machozi ya uongo kwa ajili ya tumbo langu.

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanishinda. Tulicheka mpaka Meja akakaa chini. Kisha nikafunga kazi mapema, nikatembea haraka haraka kurudi nyumbani nikamwambie wifi yako kwamba siri yake imefichuka, nione atajitetea vipi. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno ya kuanzia. Nimefika mlangoni, ufunguo uko mkononi, ndipo nikakumbuka.

Sikuingia. Nilikaa kwenye ngazi mpaka jirani wa juu aliporudi kazini akanikuta. Akaweka mfuko wake chini akakaa pembeni yangu. Yule kijana ana malezi mazuri.

Na wewe, Chiriku, ulijua? Kwenye aproni yake nimeikuta barua yako moja uliyomwandikia kwamba pilipili ya siku hizi imekuwa laini, hata watoto wanaipaka kwenye mkate. Nakumbuka siku ile aliisoma peke yake, akacheka, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa aproni. Nilipomuuliza kinachomchekesha akasema ni mambo ya mawifi. Kumbe mlikuwa mnanijadili. Sawa tu, nimeshawasamehe wote, ila ungeninong'oneza basi.

Tangu hapo kila Jumamosi napika. Pilipili moja bila mbegu, hoho nne, karoti mbili, nyanya, kitunguu saumu, siki. Hesabu ninayo, lakini mkono sina. Mara ya pili kitunguu saumu kiliungua, ikawa chungu. Mara ya tatu ikawa maji matupu. Nyingine ilikolea siki, Meja akasema inafaa kung'arishia miguu ya meza. Na kila nikimaliza lazima nilinganishe, na kila kulinganisha ni nusu kijiko cha ile yake. Unaona nilivyonaswa? Kadiri ninavyoikaribia ndivyo ninavyoimaliza.

Jumamosi ya tarehe mosi nilikwangua chupa kwa kidole. Nikaiweka ulimini, nikafumba macho, nikajitahidi kuikariri kama mtoto anayekariri jedwali. Ikakaa kidogo, ikaisha. Chupa sijaiosha.

Jana nimepika tena. Na jana, mdogo wangu, nilipoonja nilishtuka, nikageuka kuangalia mlangoni. Nadhani ndiyo yenyewe. Nadhani tu, maana sina tena cha kulinganishia, na ulimi wangu siuamini hata kidogo. Ulimi uliodanganywa miaka kumi na moja usishtuke, utauitaje shahidi? Labda nimeonja ninachotaka kuonja. Upweke unaweza kumfanyia mtu hivyo, nimeujua sasa, hakuna haja ya kuuficha kwako. Nina upweke, Chiriku. Nakula nimesimama, kwa sababu nikikaa naona kiti cha pili.

Watoto wangu hawawezi kunisaidia. Binti hajawahi kula pilipili tangu utotoni, na kaka yake atasema ndiyo hata nikimpa gundi ya karakanani, ili tu nisihuzunike. Najua chupa yako ya mwisho iliisha zamani, wapwa zangu wanaijua kazi hiyo. Lakini ulimi wako umeila miaka yote, na haukuwahi kudanganywa. Umebaki wewe peke yako.

Kwa hiyo dereva wa lori anayetuletea sponji atapita kwenu Alhamisi, nami nitamkabidhi barua hii na chupa moja. Kifuniko nimekizungushia plasta nyingi, utanicheka, lakini barabara ni mbovu. Mpe chai, ni mtu mwema na anapenda sukari nyingi.

Msalimie sana shemeji, mwambie kiti chake alichokalia akakivunja nimekishona upya na sasa kinabeba ng'ombe. Wakumbatie wapwa zangu mmoja mmoja, wasisingizie kwamba mjomba amewasahau. Meja anakusalimu, na jirani wa juu pia, ingawa hakujui. Hapa ndipo siku zote nilipoandika kwamba wifi yako anakusalimu. Mkono ulishaanza wenyewe. Maneno niliyoyafuta hapo ndiyo hayo.

Sasa nakuomba jambo moja. Ionje asubuhi, kabla hujala kitu kingine, kwa mkate mtupu. Halafu usinipambe. Ukiniandikia kwamba siyo, sitavunjika moyo, Jumamosi nitakwenda tena kwa mama wa mboga anichagulie isiyo na hasira. Ninachokiogopa ni ukisema ndiyo. Wiki zote hizi nimekuwa jikoni na wifi yako. Namuuliza moto uwe mdogo au mkubwa, siki niitie sasa au baadaye, na yeye ananinyima jibu, na mimi namwambia wewe mwanamke ni mgumu. Nikishaipata, hatakuwa na kitu tena cha kunificha, nami sitakuwa na cha kumuuliza.

Hata hivyo, niambie kweli.

Mungu awalinde wote mliomo humo ndani, na wewe akupe usingizi mtamu kila utokapo zamu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye leo na siku zote.