Wafula na Mvua ya Kompyuta

Kitale, 6 Mei 1984

Kwa mpwa wangu Simiyu, huko chuoni,

Sisi wazima, na ng'ombe wangu amezaa mapacha. Barua yako niliwasomea wazee, wakacheka, bana! Ati kompyuta ya huko chuoni imelima shamba langu kwa hesabu mara elfu moja, ikaona nipande nusu, nusu ningoje? Nikawaambia, "Mimi ni Wafula, nilizaliwa mvua ikinyesha. Huyu Simiyu aliyezaliwa kiangazi atanifundisha mvua?" Nikapanda lote kwa siku moja, hata trekta ya jirani ikaona haya.

Mvua ilinyesha siku mbili, ikaisha. Mahindi yote yamekauka. Mke wangu Dinah alikuwa amenificha gorogoro mbili za mahindi, makopo mawili tu, ndizo zimebaki. Watoto wanaziangalia sana. Uliza hiyo mashine upesi: tupande ama tupike?

Ni mimi mjomba wako,
Wafula