Wanaokula Chungu Kimoja

Ifakara,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kwako dada yangu mpendwa Bibiana,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristu. Naomba karatasi hii ikukute mzima hapo Makambako, wewe na shemeji na watoto, na goti lako liwe limekupa nafuu katika baridi hiyo. Sisi huku miili ni mizima. Mvua ni nyingi, mpunga umetoa masuke, mke wangu Aneth anakusalimu, na mjukuu wetu Eliza sasa anatembea na kuangusha kila anachokifikia.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ni habari za Mama, dada. Kwenye simu nimezoea kukujibu kwamba hajambo, yuko kanisani, amejipumzisha. Kalamu nimeona hainipi nafasi ya kusema hivyo.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, mzee Hermenegildi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alituletea binti mmoja mdadisi wa takwimu, jina lake Nelly, ana kishikwambi mkononi. Binti alitueleza kwamba wanapima umaskini wa nchi nzima na kaya yetu imechaguliwa kwa bahati nasibu. Hermenegildi akasema Evodius hajashinda bahati nasibu tangu azaliwe, na leo alivyoshinda, ameshinda umaskini. Tukacheka sana.

Nelly alianza kwa kutufundisha maana ya kaya. Si ukoo, alisema, wala si jengo. Ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Basi niwataje wote. Nikajitaja mimi, Aneth, Alex wetu na mkewe, na Eliza. Nikamtaja hata shangazi yake Aneth aliyekuja kutibiwa tangu Oktoba na hajaondoka. Binti akauliza tena, polepole: baba, hakuna tuliyemsahau? Mtoto mchanga, mzee, aliyesafiri? Nikasema hakuna.

Dada, sikuwa namficha Mama. Hakunijia kichwani. Aneth alikuwa pale pale anapepeta mchele, naye hakunikumbusha. Likaja swali la vyakula vya siku saba, nikajibu kwa majivuno, hata nyama nikaongeza siku moja, nisionekane duni mbele ya binti wa mjini.

Siku ya tatu Nelly alirudi peke yake, viatu vimejaa matope. Aliniamkia, akakaa, kishikwambi hakukiwasha. Alisema katika orodha yao kuna kibanda bondeni kwenye mashamba ya mpunga, kiliandikwa kaya kwa sababu walioorodhesha nyumba walikuta jiko linatoa moshi. Humo amemkuta bibi. Alipomuuliza mkuu wa kaya ni nani, bibi alijibu ni Evodius mwanangu, mimi nakaa kwake, huku nalinda ndege tu. Alipomsomea vyakula, bibi alikubali unga, chumvi na kambale wadogo aliopewa na wavuvi. Mchele, hapana. Sukari, hapana. Kufika kwenye nyama akamwambia, mwanangu, ruka hapo, unanitoa mate bure.

Sasa madodoso mawili yalikuwa hayakubaliani, na Nelly alitaka kujua bibi amwandike wapi. Nikasema upesi kwamba amwandike hapa, ni mama yangu mzazi. Kwa adabu kabisa akaniuliza ni lini Mama alilala hapa mara ya mwisho. Nikaanza kutafuta. Alikwenda Machi mwaka jana. Juni tulivuna, ndege wakaondoka, Mama akabaki. Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitamfuata. Nelly akainama, akasema basi baba, kwa utaratibu wetu siwezi kumweka kwako. Akamwandika kaya ya mtu mmoja, mbele yangu.

Najua mawazo yako yamekwenda kwa Aneth. Usimlaumu. Ni mimi niliyempandisha Mama kwenye bodaboda. Februari ile jumuiya ilisali kwetu, na mimi ndiye kiongozi wao. Kwenye maombi, kila mtu akitoa ombi lake, Mama akaomba kwa sauti kwamba katika nyumba hii nyama iwe inaiva kabla yeye hajalala. Watu wakaitikia Ee Bwana, twakuomba utusikie, halafu kicheko kikawashinda. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwezi uliofuata nikamwambia ndege wamezidi shambani. Na ombi lake lilikuwa la kweli, dada. Tulikuwa tunasubiri alale.

Nilikwenda bondeni kesho yake baada ya Nelly. Mama aliniona kwa mbali akashangilia, akauliza kama watoto wamekula. Nilipiga magoti kwenye matope, nikamwomba radhi, nikamwambia twende nyumbani. Akarusha bonge la udongo kufukuza ndege, akasema hawezi, kwa sababu uamuzi wa kumleta huko haukuwa wangu. Nimekwenda mara nne tangu hapo, jibu ni hilo hilo. Mto umeanza kupanda. Padre nimemweleza yote, na Pasaka sikupokea Komunyo.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Siku ile kwenye bodaboda Mama aliniuliza kama Bibiana anajua anakopelekwa. Niliogopa atakataa. Nikamjibu kwamba Bibiana ndiye aliyeshauri, amesema mzee kama wewe shambani utapata hewa. Ndiyo maana hajaulizia salamu zako mwaka mzima. Ndiyo maana hatoki: anasema mtoto wake mkubwa ameamua, na hataki kurudi mahali ambapo binti yake hamtaki.

Nilijaribu kumwambia kwamba nilimdanganya. Akanipigapiga begani, akasema nisijitwike makosa ya dada yangu.

Njoo, dada. Mimi haniamini tena hata nikisema kweli. Njoo uukane uongo wangu mbele yake, na maneno yote utakayonipa nitayapokea nikiwa nimesimama hapo hapo. Ukifika Ifakara usipite nyumbani kwanza, nitakungoja stendi twende moja kwa moja.

Wasalimie shemeji na watoto wote. Mama sikumwambia kwamba nakuandikia. Mungu akulinde njiani.

Mimi mdogo wako,
Evodius