Kibali Kina Jina Langu

Jolene, uko? Nimefura sijui nimshike nani!

Dallin. Kaka yangu yule yule. Tumekaa mezani kupanga safari ya siku tatu kushuka mto San Juan, mara anamwambia baba mbele ya watoto, "Mzee, wewe utatusubiri na gari kule Mexican Hat tutakakotokea."

Na gari! Mtu aliyetufundisha sote kupiga kasia kwenye korongo la mto huo huo!

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Dada, huoni mikono yake inavyotetemeka? Nafasi yake nimeshampa rafiki yangu wa kazini."

NIMESHAMPA! Kamuuliza nani?

Baba anamega mkate vipande vidogo vidogo, wala hali. Hapo nikapandwa na mori.

Nikamwambia, "Dallin, kibali cha kushuka mto kina jina langu, nimekiomba miaka sita. Sasa nakufuta wewe." Akacheka. Nikafungua simu, nikamfuta kwenye orodha ya safari huku ananitazama. Kaondoka kabamiza mlango.

Baba ndipo akainua uso. "Mwanangu, ile boti ya mpira ina kiraka kimebanduka. Katafute gundi."

Niko dukani nanunua gundi, na bado nimefura.