Miguu ya Mzee Mbugua

Jumatatu, 10 Machi 2003
Nisamehe, daftari. Tangu nijifungue sijakugusa, wiki mbili sasa. Nepi, kunyonyesha, nepi tena. Mtoto bado hana jina. Mila inasema kifungua mimba wa kiume aitwe babu mzaa baba: Mbugua. Mimi sina neno. Tunangoja tu Shosho, nyanya yangu, aje kutoka Kinoo amwone.

Jumatano, 12 Machi
Shosho amefika hapa Riruta na sufuria ya njahi, yale maharage meusi ya mzazi. Mara yake ya kwanza. Mimi na Ndung'u tulianza kuishi pamoja hivi hivi, wazee wetu hawakuwahi kukutana. Baba mkwe alikuwa uani, amevua viatu, anaota jua. Shosho akatazama miguu yake. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya kile cha pili. Akaweka sufuria chini. Hakusalimia mtu. Akaenda zake.

Jumamosi, 15 Machi
Nimempeleka mtoto Kinoo. Shosho amenieleza. Wakati wa Emajensi, enzi za Mau Mau, chifu wa Wazungu aliwapanga watu mstari. Mtu aliyevikwa gunia, matundu ya macho tu, akawa anapita. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha. Alitikisa mbele ya babu yangu. Babu hakurudi.
"Uso hatukuuona. Tuliambiwa tutazame chini. Basi nikatazama chini vizuri, nikakiona kidole hicho."
Nina hasira. Jina la mzee, hapana.

Jumapili, 16 Machi
Ndung'u ananiuliza, "Mama mtoto, unataka kumwaibisha mzee?" Nikampelekea mzee chai.
"Baba, Shosho anaijua miguu yako."
Akaweka kikombe chini. Halafu akaomba viatu.
"Siku ukipata nguvu, nipeleke kwake."

Jumanne, 18 Machi
Tumetoka Kinoo. Mzee alisimama mlangoni. "Ni mimi. Nilikuwa homgadi, askari wa chifu. Chifu alisema nichague, wao ama mimi."
Shosho hakumpa mkono. Hakumpa kiti. Alimchukua mtoto, akamfunua shali usoni.
"Huyu mwiteni Mbugua. Hata wewe, mzee, jina hilo uliachiwa tu. Lilikuwa la babu yako, na yule alikuwa mtu."
Mzee akalia. Mimi pia, kidogo.
Sasa Mbugua mdogo amelala. Nyumba imetulia. Shosho ameuliza nahitaji nini, atatuma Ijumaa. Njahi, maana zile Ndung'u amemaliza. Unga wa wimbi wa uji, kilo mbili. Mafuta ya kumpaka mtoto. Na ile sweta anayofuma, bila kofia ya kuficha uso.