Kinga ya Mgongo wa Mume Wangu Iko kwa Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri Cheptoo, nakuandikia uso ukiniwaka kwa aibu, na nakusihi usichapishe jina langu, kwa maana mtaa wetu hapa Nakuru wote wanasoma ukurasa wako na mimi bado ni bibi harusi, hata picha zetu za harusi hatujazitia kwenye fremu.

Nimeolewa mwaka huu na mwanamume ambaye nikianza kumweleza sitamaliza. Tumwite Kang'ethe. Hunichemshia maji ya kuoga kabla ya kuoga yeye, akicheka hufunga macho, na jioni nikisikia skuta yake ikikata kona ya kwetu moyo wangu unaruka kana kwamba sikujua atarudi. Kazi yake ni kuuza dawa za ng'ombe, anazunguka kwa wakulima kuanzia Rongai hadi kule Kariandusi, na akitoka upande huo anafika mweupe kwa vumbi kama mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga, na mimi namkumbatia na vumbi lake.

Baada ya harusi tulienda pamoja kununua jaketi ya kuendeshea. Alikuwa akivaa sweta tu, lakini akaniambia, "Zamani nikianguka nilikuwa najiangukia mwenyewe. Sasa niko na mtu." Mshauri, nililia hapo dukani. Alijaribu jaketi nyingi, kila moja akitoka nayo nje na kukaa kwenye skuta amenyoosha mikono, mpaka mwenye duka akamuuliza, "Boss, unanunua jaketi ama unapiga picha za kampeni?" Hakujali. Alibonyeza viwiko, akabonyeza mabega, akachagua ile yenye kinga nene ya mgongo, inayoingia kwenye mfuko wa ndani wenye zipu.

Shida yangu ilianzia hapo mgongoni. Jumapili hunibeba tukienda kanisani, na kabla ya hiyo jaketi nilikuwa nikilaza shavu mgongoni mwake na kusikia joto lake, hata moyo wake ukipiga, lakini sasa ikawa ni kama kulalia kibao cha kukatia sukuma wiki. Juu ya hayo dada yake Shiru alituona tukishuka akapaza sauti mbele ya watu, "Aki wewe, nani alikuambia uolewe na kobe?" Watu wakacheka, na mimi badala ya kumwonea mume wangu fahari nikamwonea haya.

Kwa hivyo siku moja akioga nikafungua ile zipu, nikaitoa kinga, na mahali pake nikatia sponji niliyokata kwenye godoro kuukuu ili asihisi tofauti. Jumapili nikalaza shavu. Mshauri, siwezi kukudanganya, ilikuwa tamu. Naye akasema, "Unaona? Jaketi imeanza kunizoea." Nikajibu, "Hata mimi imenizoea."

Nilikusudia kuirudisha kinga siku za kazi na kuitoa Jumapili peke yake, lakini kabla sijafanya hivyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Rongai na maziwa na kabeji, akafungua kabati kutafuta sufuria, akaikuta. "Mwanangu, hiki nacho ni nini, huku kigumu, huku laini?" Kang'ethe alikuwa hapo sebuleni anasikiliza redio. Niliogopa, mdomo ukajisemea wenyewe: "Ni ya kupigia magoti, mama. Nilikununulia, kwa sababu ya yale maumivu yako." Akaikumbatia kifuani, akaniombea baraka hapo hapo jikoni. Sasa ameishonea kitambaa cha maua, anaenda nayo kila mahali pa maombi, na amewaambia wanawake wote wa kanisa lao kwamba Mungu hakumpa mke wa mwana, alimpa binti. Tulipoenda kwake nilimsikia alfajiri amepiga magoti juu yake anasema, "Baba, mlinde kijana wangu barabarani," na mimi nikajifanya nimelala, machozi yakiniingia masikioni.

Majuzi skuta iliteleza kwenye matope karibu na Mbaruk, akaangukia ubavu, jaketi ikakwaruzika kiwikoni lakini mkono ukabaki mzima. Amewaonyesha majirani wote. "Ni Mungu na jaketi," anasema. Na kwa kuwa anaiamini hivyo, amekubali kazi aliyokuwa akiikataa, ya kwenda mpaka Naivasha na kurudi kwa barabara kuu katikati ya malori, kuanzia mwezi ujao. Kila asubuhi ananiambia, "Usijali, mpenzi, niko na kinga," na mimi nampungia mkono.

Nikisema ukweli ataniona mwanamke wa namna gani, na mama mkwe naye si atazirudisha baraka zake? Nimefikiria nimnunulie jaketi nyingine mpya iwe zawadi ya mapenzi, avae hiyo, mambo yaishe kimya kimya. Niambie nichague ya aina gani, na kama nikifanya hivyo nitakuwa nimetubu.

Ni mimi,
Mwenye Haya, Nakuru

Mshauri Cheptoo anajibu:

Mwenye Haya, nilicheka nilipofika kwenye kobe. Nilipofika kwenye sponji ya godoro nikaacha kucheka.

Kutaka kusikia moyo wa mume wako si kosa. Wanawake wengi wasio na hakika kama waume zao wana moyo huniandikia. Lakini tazama ulichofanya, dada. Mtu anayejua hana kinga huendesha akijichunga. Wako hajui. Ameikubali Naivasha kwa kutegemea kitu ambacho mama yake anakipigia magoti. Wewe unaona siri ndogo ya mapenzi, mimi naona mtu aliyedanganywa kuhusu uti wake wa mgongo.

Jaketi mpya ya kimya kimya si toba. Ni uongo mwingine, huu una zipu nzuri tu. Atakuuliza, "Na hii ina kasoro gani?" Utamjibu nini?

Lakini jaketi ya kununua ipo, nayo ni yako. Umeniandikia barua ndefu na hujataja hata mara moja unachovaa huko nyuma. Nahisi ni rinda la kanisani na sweta. Skuta ikiteleza, lami haiulizi ni nani alikuwa ameshika usukani. Na huyo bwana aliyesema yuko na mtu, mtu mwenyewe alimnunulia nini? Mwambie nimeuliza mimi.

Nendeni wote, ufanye vile alivyofanya yeye, kwa sababu kuchagua anajua. Kaa kwenye skuta, nyoosha mikono. Mkono wa jaketi ufike kwenye kifundo cha mkono, usipande juu. Shika kinga ya kiwiko uizungushe, ikihama jaketi ni kubwa, hata muuzaji akikuapia kwamba utanenepa. Bonyeza mabega na mgongo, unatafuta kitu kizito kinachorudi polepole. Kitambaa kiwe kinene cha kustahimili kukwaruzwa, chenye mistari ya kung'aa ili dereva wa lori akuone. Zile za ngozi za mtumba vaa ukienda sherehe. Na usichague mbele ya kioo, kioo hakijawahi kuanguka.

Kwa mama mkwe usiende kuiba. Nenda na mume wako, mpelekee mto mzuri wa magoti, na umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo ule ule uliomdanganya. Atanuna. Shiru naye atapata la kusema mpaka Krismasi. Utavumilia, hakuna aliyewahi kuvunjika mbavu kwa kuchekwa. Mkishaipata hiyo kinga, ikagueni. Ikiwa imepasuka au imekunjika chini ya magoti, mnunue nyingine. Ile ya kiwiko iliyogonga chini kule Mbaruk nayo itoeni muitazame.

Hayo ni ya wikendi. La leo ni moja, na wala usingoje mwezi ujao, maana hata kesho asubuhi atapanda ile skuta. Jioni akiingia, kabla ya chai, kabla hajavua viatu, mketishe. Usianze na mapenzi wala machozi, atakubembeleza nawe utasahau ulichotaka kusema. Anza hivi: "Jaketi yako haina kinga mgongoni. Niliitoa mimi." Yale ya shavu na joto atayasikiliza baadaye, akishamaliza kukasirika.