Mistari Sita ya Shemeji Mkumbo

Jumatano. Joto kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi, na wingu hakuna, hata la kudanganya.

Mume wangu ameamua tuhame na ng'ombe twende Kintinku, ambako majani bado yapo. Mimi sijajibu. Tunaishi na mama yangu, macho hayaoni na miguu imekwisha, na safari ile hataimaliza. Hilo nimelibeba moyoni bila kulitamka.

Leo mchana shemeji Mkumbo, mdogo wake mume wangu, alikuja na zile sarafu zake tatu zenye tundu katikati. Alizipata Burma vitani, kwa Mchina aliyechunga nyumbu wa kubeba mizigo ya jeshi, naye akamfundisha kuzisoma. Unazirusha mara sita, kila mrusho unakupa mstari: mzima, au uliokatika katikati. Mistari sita ni picha moja, yenye jina lake. Zikilala zote uso mmoja, mstari huo umezeeka, lazima ugeuke kinyume chake. Hapo picha ya kwanza inazaa ya pili. Ya kwanza ni mahali ulipo, ya pili ni unakoelekea.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilikaa mlangoni napeta uwele, lakini masikio yalikuwa kwao.

Mkumbo akatandaza majivu, akaziuliza sarafu kama tuhame, akazirusha mara sita, akachora mistari kuanzia juu kushuka. Mrusho wa kwanza tu ndio uliozeeka. Akasema picha ni Ugomvi, na mstari wa juu ukigeuka inakuwa Ziwa Lililokauka.

"Umesikia, mama Elia?" mume wangu akacheka. "Hata Uchina wana habari zetu! Tunahama."

Moyo ukanishuka. Nikauliza tu ili nisikae kimya: "Shemeji, na huyo Mchina wako alianzia juu?"

Mkumbo akashika kichwa. "Lo! Alianzia chini, shemeji, kama mtu anayejenga ukuta. Mimi nimeanzia juu, kama barua ya Bwana Shauri wa wilaya!"

Akafuta, akachora upya kutoka chini. Mirusho ile ile. Sasa picha ikawa Kungoja, na mstari wa chini ulipogeuka, ikawa Kisima.

"Mnageuza kwa sababu hamtaki kuhama," mume wangu akasema, akaenda zake kwa ng'ombe.

Nilifurahi mno. Nusura nipige vigelegele.

Ndicho kinachonisumbua jioni hii. Majivu yaliposema tuhame, niliyakataa. Yaliposema tubaki, nikayaamini. Basi hayakunifundisha kitu, ila yalinionyesha ninachokitaka.

Kwa nini nilingoja sarafu za mtu wa mbali zinisemee kwa mume wangu mwenyewe? Si mtu mbaya. Anawaonea huruma ng'ombe wake, maana kila asubuhi kuna wa kuinuliwa kwa mikono. Labda aende nao, mimi na mama tubaki, nichimbe mchanga wa korongo mpaka maji. Labda atakataa. Lakini hajawahi kulikataa, kwa sababu sijawahi kumwomba.

Nimeshamwambia Mungu. Bado mume wangu.